Nani Anaunguza Mchicha wa Ngone?

"Kitendawili!" alisema Mama Penda huku akimenya kitunguu.

"Tega!" wajukuu wakajibu kwa sauti moja.

"Weusi wangu wamepanda juu. Hawalimi, hawazai, kazi yao kunywa maji tu."

Watoto hawakufikiri hata kidogo. "Matairi ya mama!"

Wakacheka. Mama Penda naye akacheka mpaka kilemba kikalegea. Ngone, mke wa mwanawe, alikuwa ameinamia sufuria ya wali wa samaki, moshi unamwingia machoni. Hakucheka. Aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria, mara moja, kwa nguvu.

"Cheka, mwanangu," Mama Penda alimwambia. "Asiyecheka huzaa mtoto mwenye uso wa kondoo."

"Kondoo tunaye tayari, Mama," Ngone alijibu. "Anatosha."

Kondoo alikuwa juu ya paa. Nyumba yao ilikuwa Pikine, pembeni mwa Dakar, mahali ambapo nyumba zimebanana na ua ni mdogo kama mkeka. Mtu akitaka nafasi, anapanda ngazi. Juu ya paa bapa la saruji ndiko zinakoanikwa nguo, na ndiko wanakofugwa kondoo wa Tabaski, Idi kubwa ya kuchinja.

Kondoo wa nyumba hii aliitwa Jenerali. Alikuwa dume mweupe, mrefu, mwenye pembe zilizojikunja kama kilemba. Hakuwa wa kuchinjwa. Alikuwa wa mbegu, na wa kujivunia. Massamba, mume wa Ngone, alikuwa dereva wa teksi. Kila Jumapili alimwogesha Jenerali kwa sabuni, akamchana na manyoya.

"Watoto wako umewaogesha lini?" Ngone alimwuliza siku moja.

"Watoto wana mama," Massamba alijibu. "Jenerali ana mimi tu."

Ngone alikuwa mjamzito. Alipokwenda zahanati, mkunga alimvuta kope la chini, akatikisa kichwa.

"Damu yako iko chini," mkunga alisema. "Ndiyo maana unapanda ngazi unahema kama umebeba gunia. Umeze vidonge hivi, usiruke hata siku moja. Na ule mboga za majani kila siku. Nimesema kila siku, siyo siku ya sherehe."

Ngone alisikia. Lakini alikuwa akimaliza kazi za asubuhi jua limeshapanda. Akifika sokoni, mchicha umelala, majani ya bisap, yale machachu ya rosela, yamenyauka, na muuzaji anayanyunyizia maji kama anayemmwagia mtu aliyezimia. Ngone akarudi nyumbani na vitunguu tu.

Ndipo akasema, "Nitapanda mwenyewe." Akachukua matairi ya zamani ya teksi ya mumewe, akayapandisha juu moja moja, akatia udongo, akapanda.

Mara ya kwanza hakutoboa kitu. Alilaza matairi juu ya karatasi ngumu ya plastiki, maji yakakosa pa kutokea. Udongo ukawa uji. Mizizi ikaoza, harufu ikashuka mpaka sebuleni, na mbu wakazaliana kwenye maji yaliyotuama.

"Umepanda mbu," Massamba alisema. "Wamestawi vizuri sana."

Ngone alimwaga ule uji, akatoboa matundu ya kutosha chini, akajaza udongo mwingine, akapanda tena. Mbegu zikaota. Ngone akafurahi. Kisha, majani yalipofika urefu wa kidole, kingo zake zikaanza kugeuka kahawia. Zilikauka kama zimepitishwa kwenye moto. Asubuhi moja alipanda juu akakuta mchicha wote umejikunja.

Alishuka ngazi akihema, jani mkononi.

"Massamba! Kondoo wako amekojolea mboga zangu!"

Massamba alikuwa anakunywa kahawa. Aliweka kikombe chini polepole.

"Jenerali amefungwa kamba kona ya kule. Matairi yako kona ya huku. Amekojoa vipi mpaka huku? Ni gari la zimamoto?"

"Basi nani? Nani anaunguza mchicha wangu?"

"Jua linaunguza. Uvivu wa udongo unaunguza. Mimi sijui kilimo, najua usukani." Massamba alisimama. "Lakini sikiliza, Ngone. Tabaski inakuja. Nataka kumletea Jenerali mke. Nafasi ile inahitajika. Tabaski ikifika matairi hayajatoa kitu, nayashusha."

"Jenerali apate mke, mimi nikose mchicha?"

"Jenerali anazaa," alisema Massamba, akatoka.

Ngone alibaki amesimama na lile jani. Mkono mmoja ulikuwa tumboni. Na mimi je, aliwaza, mimi nafanya nini hapa?

Aliwaita watoto. "Nani anamwaga maji ya sabuni juu?" Watoto waliapa kwa Mungu, kwa Mtume, na kwa kichwa cha Jenerali. Ngone akawaamini, maana wanawe hawakupenda kubeba maji hata ya kunywa.

Alipanda kwa mara ya tatu. Safari hii alikuwa amekereka hata na mbegu zenyewe. "Oteni au msiote," aliziambia. "Nimechoka kubembeleza."

Zikaota. Na kingo zikaanza tena kugeuka kahawia.

Siku hiyo Ngone hakumpigia kelele mtu. Alivaa kandambili, akaenda nyumba ya tatu, kwa Magete Ndiaye.

Magete alikuwa bibi shamba. Aliwafundisha wanawake wa mtaani kulima kwenye ndoo, kwenye masanduku, kwenye matairi, popote panapoweza kushika udongo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Alipanda ngazi za Ngone akilalamika kila hatua.

"Siku nyingine niletee matairi chini, mimi nisipande. Haya, tuone wagonjwa."

Aliinama. Kwanza alipapasa tairi kwa nje, akavuta mkono haraka. "Moto! Tairi jeusi linakunywa jua lote. Hili nitalisemea baadaye." Akachungulia matundu ya chini. "Matundu yapo. Vizuri." Akaparuza udongo kwa kucha. Juu yake palikuwa na utando mwembamba mweupe, kama unga uliomwagika. Akautia ncha ya kidole, akaugusa kwenye ulimi.

Akatema.

"Ngone, unapika humu?"

"Napika vipi?"

"Onja."

Ngone akaonja. Uso wake ukakunjamana. "Chumvi!"

"Chumvi. Mmea ukikaa kwenye chumvi unakufa kwa kiu huku umezungukwa na maji. Ncha za majani ndizo huungua kwanza. Sasa niambie, nani anatia chumvi huku?"

Ngone alitaka kusema hajui. Kisha akaona kitu kinang'aa ubavuni mwa tairi. Akakibandua kwa kidole. Lilikuwa gamba la samaki. Pembeni yake palikuwa na lingine, na lingine.

Alikaa juu ya tofali bila kuambiwa.

Nyumba ile mtu mmoja tu alisafisha samaki. Mtu mmoja tu aliloweka ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, ili atiwe kwenye wali. Na mtu huyohuyo, kila asubuhi akimaliza, alibeba beseni akisema, "Naenda kuangalia nguo kama zimekauka." Ngone hakuwahi kujiuliza nguo zinaangaliwaje kwa beseni.

"Mama mkwe wangu," alisema.

"Penda Diop?" Magete aliuliza, akaanza kutabasamu.

"Usicheke! Ananitega vitendawili mbele ya watoto, kumbe yeye ndiye anayeua! Matairi hayazai, matairi hayazai! Yatazaa nini, supu?" Ngone alisimama, akakaa tena. "Na nitamwambia nini? Ni mama mkwe. Nikifungua mdomo tu, mashangazi wote watanikalia kitako. Nikinyamaza, matairi yanashuka. Nishike wapi, Magete? Nimechoka. Nimechoka na tairi, na kondoo, na mume wa kondoo!"

Magete alimwacha amalize. Kisha akasema, "Wewe huwezi kumwambia. Wewe ni mkwe. Ukoo wangu ni Ndiaye, wake ni Diop, na koo hizi hutaniana. Mimi ni mtani wake. Mtani akikasirika amevunja utani, na Penda Diop hatakubali kushindwa na mimi hata siku moja. Mmepika nini leo?"

Wakati wa chakula cha mchana familia ilikaa kuzunguka sinia. Massamba alikuwa amerudi kula. Magete akaingia bila kubisha.

"Diop! Bado mnakula tu? Mchele wa nchi hii mnaumaliza nyinyi peke yenu."

Mama Penda hata hakuinua kichwa. "Ndiaye, umenusa harufu kutoka wapi? Kwenu jiko halijawashwa tangu mvua zilizopita. Kaa, ule, usije ukaanguka barabarani tukasingiziwa."

"Nakaa kwa kukuhurumia. Nataka nikusaidie kulipunguza hilo tumbo." Magete alinawa, akakaa, akafinyanga tonge. Watoto walikuwa wanacheka tayari. "Diop, nasikia unajiita fundi wa vitendawili."

"Sijiiti. Naitwa."

"Kitendawili!"

"Tega, Ndiaye. Tega tuone kama una kichwa au una kilemba tu."

"Nikiingia majini sionekani. Maji yakiondoka, mimi nabaki nimekaa."

Mama Penda alicheka kwa dharau. "Hicho ndicho ulichokuja nacho? Hata huyu wa mwisho anakijua. Chumvi!"

"Umepata," Magete alisema. "Na sasa fundi, nitegulie cha pili. Chumvi hiyo haina miguu. Imepandaje ngazi mpaka kwenye matairi ya Ngone?"

Mkono wa Mama Penda wenye tonge ulisimama hewani. Alimwangalia Magete, akaliangalia beseni lililoegemea ukutani, halafu akamwangalia mkwewe.

Ngone aliinamisha macho kwenye wali.

"Maji ya samaki," Mama Penda alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Mama?" Massamba aligeuka. "Ni wewe?"

"Kwetu Walo, kando ya mto, mama yangu alimwagia maboga maji ya samaki kila siku. Maboga yalikuwa makubwa hivi! Mtu anakaa juu yake." Alionyesha kwa mikono, mikono ikashuka. "Niliona huyu binti anahangaika. Amebeba mjukuu wangu, na damu haitoshi. Nikasema nitayalisha yale matairi kimyakimya, yazae, afurahi. Nikamwagia. Yakafa. Nikasema labda hayajashiba. Nikaongeza."

Ngone alitaka kukasirika. Hasira ile alikuwa ameitunza siku nyingi, kama mtu anavyotunza kitoweo cha mgeni. Sasa ameifunua, na mgeni hakuja. Alibaki kusema, "Mama, ukaongeza?"

"Nikaongeza, mwanangu. Hata yale ya kulowekea ng'onda."

Massamba ndiye aliyeanza kucheka. Mama Penda alimtupia punje za wali.

"Msikilize mtani wako kwa mara moja maishani," Magete alisema. "Mama yako hakukosea, Diop. Samaki wa mtoni hana chumvi. Halafu shamba la mtoni ni pana, na mto ukifurika unaliosha lote. Hapa Pikine samaki ni wa baharini, na ng'onda amelala kwenye chumvi. Na tairi ni kama sufuria. Jua linapandisha maji, chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Mwisho mmea uko kwenye mchuzi."

"Kwa hiyo udongo umekufa?" Ngone aliuliza.

"Haujafa. Tutauosha. Lakini kwa kuwa nimeshapanda ngazi zenu, tutayatengeneza upya vizuri. Massamba, wewe kesho huendi kazini mapema."

"Mimi? Mimi najua usukani tu."

"Tairi ni la gari, si ndiyo? Basi ni jamaa zako. Njoo."

Kesho yake wote walikuwa juu ya paa. Jenerali aliwatazama kama askari anayekagua gwaride.

Magete alianza kuchagua. Tairi moja lilikuwa limepasuka, nyaya za chuma zinachungulia. "Hili litoke. Litamkata mtoto. Wala usilichome moto, moshi wake ni sumu. Lipeleke kwa fundi matairi." Mengine yakasuguliwa kwa brashi na sabuni, ndani na nje. Massamba alikata midomo ya juu kwa kisu kikali, ili udongo upate nafasi na maji yasijifiche ndani ya mkunjo yakalea mbu. Kisha wakayapaka chokaa kwa nje. "Meupe yanarudisha jua," Magete alieleza. "Meusi yanapika mizizi."

"Yote tuyapange katikati?" Massamba aliuliza.

"Usithubutu! Udongo uliolowa ni mzito. Yapange kandokando, juu ya kuta za chini, yaachane. Paa lenye nyufa halibebeshwi kitu mpaka fundi mwashi aliangalie."

Kila tairi lililazwa juu ya matofali, ili maji yatoke. Ndani wakatandika gunia kuukuu, udongo usigusane na mpira. Chini ya gunia waliacha matundu wazi. Wakatia kokoto kidogo, kisha udongo.

Udongo wa zamani waliukwangua ule weupe wa juu, wakautupa. Uliobaki wakaumwagia maji ya bomba mengi, wakaacha yachuruzike, wakamwagia tena, na tena. Magete akawa anaonja yanayotoka chini. Watoto nao wakaonja. Mwishowe akasema, "Sasa ni maji tu."

"Na samadi?" Ngone aliuliza, akimtazama Jenerali.

"Samadi ya Jenerali ni dhahabu, lakini siyo ikiwa mbichi. Mbichi inaunguza kama chumvi. Irundike kwenye pipa pamoja na maganda ya karanga, uinyunyizie maji, uigeuzegeuze. Ikiwa nyeusi, imelainika, hainuki, ndipo uchanganye na udongo. Leo nimeleta gunia langu la samadi iliyooza tayari."

Massamba alimpiga Jenerali begani. "Umesikia? Dhahabu."

"Nimesema samadi," Magete alijibu. "Sikukusema wewe."

Wakapanda mchicha, bisap na mnanaa, mimea ya mizizi mifupi. Walipomaliza, Mama Penda alikuwa amekaa pembeni, beseni tupu mapajani. Hakuwa ametega kitendawili hata kimoja siku nzima.

"Basi mimi nisimwagie tena kitu," alisema.

Ngone alimwona jinsi alivyolishika lile beseni. Akamgeukia Magete. "Maji ya kuoshea mchele je? Yale ya kwanza, kabla ya chumvi?"

"Hayo mazuri. Na ya kuoshea mboga. Yasiwe na chumvi, mafuta wala sabuni. Asubuhi au jioni, jua likiwa pole. Kwanza utie kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevu, uache."

"Sikia, Mama," Ngone alisema. "Hiyo ni kazi yako. Mimi ngazi zinanichosha."

Mama Penda aliinuka, akajifunga kilemba upya. "Nilijua tu hamtaweza bila mimi."

Mchicha uliota, ukapita kidole, ukapita kiganja. Kingo zake zilibaki kijani. Ngone alichuma majani ya nje akaacha moyo, nayo yakachipua tena. Kila siku yalikuwepo kwenye sinia, yamekamuliwa limau. Mkunga alikuwa amemwambia limau husaidia mwili kuichukua nguvu ya damu iliyo kwenye mboga. Chai ya mnanaa aliisogeza mbali na chakula na vidonge, maana chai huizuia nguvu hiyo. Massamba, ambaye alipenda chai yake pale pale baada ya kula, alilazimika kungoja naye.

"Nyumba hii sasa inaongozwa na majani," alinung'unika.

Ngone alipokwenda tena zahanati, mkunga alivuta kope, akapima damu, akatabasamu. "Imepanda. Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Na mboga unapata wapi?"

"Juu ya vichwa vyetu," Ngone alijibu.

Tabaski ilipokaribia, Massamba alipanda kwenye paa na futi ya kupimia. Ngone akamfuata polepole, tumbo mbele, mdomo umeshajiandaa kwa vita. Alimkuta akipima ile kona ya Jenerali.

"Mke wa Jenerali atakaa huku huku kwake," Massamba alisema bila kumwangalia. "Watabanana. Sisi wote tunabanana." Kisha akachuma kijiti cha mnanaa, akakinusa. "Na uzio utahitajika. Jana nilimkuta Jenerali amenyoosha shingo kuelekea bisap. Nimemgombeza."

"Umemgombeza Jenerali?"

"Nimemgombeza sana."

Chini, sauti ya Mama Penda ilikuwa inapanda pamoja na hatua zake.

"Kitendawili!"

"Tega!" watoto walijibu nyuma yake.

"Maisha yake yote alikula upepo, akazunguka, hakushiba. Siku alipochoka akalazwa, akalishwa udongo, akazaa."

"Matairi ya mama!"

"Ya nani?" Mama Penda alitokea juu ya ngazi, beseni la maji ya mchele mikononi. "Semeni vizuri. Matairi yetu."

"Yetu!" Ngone alishika kiuno. "Tangu lini? Yalipokuwa yanakufa yalikuwa yangu peke yangu!"

"Yalipokuwa yanakufa yalikuwa hayajazaa," Mama Penda alisema.

Akapita katikati yao. Alifika kwenye tairi la kwanza, akainama, akatia kidole kwenye udongo. Ulikuwa mkavu. Akainua beseni. Kisha akasita. Akalishusha, akachovya kidole kwenye maji ya mchele, akakitia mdomoni, akafumba macho akionja kwa makini kama mpishi wa harusi.

"Hayana chumvi," alitangaza.

Na akamwagilia.